Kutumia "hail" kusifu hadharani: mwongozo kwa wanaoandika habari, hotuba na insha

Nunua gazeti la Kiingereza asubuhi yoyote, iwe ni stendi ya matatu ya Kakamega au kwenye Oginga Odinga Street mjini Kisumu, na si ajabu ukakuta kichwa cha habari chenye "hails" au "hailed". Gavana kawasifu wauguzi. Wakulima wa miwa wamefurahia bei. Mwanariadha kaitwa shujaa. Habari zote hizo hubebwa na kitenzi kimoja cha herufi nne, na wahariri wanakipenda kwa ufupi wake, maana kinaenea hata kwenye safu nyembamba.

Kukisoma si kazi. Kazi huanza unapotaka kukitumia mwenyewe, kwa sababu hakifuati njia ya "kusifu". Kusifu kwa Kiswahili hukubali mengi: unamsifu mtu, unamsifu kwa bidii yake, unamsifu kwamba ni hodari. "Hail" hutaka mpangilio wake, na atakayeibebesha mpangilio wa Kiswahili atatoa sentensi inayochechemea. Maelezo haya yamekusudiwa mwandishi wa habari wa mashinani, mwalimu anayeandaa hotuba ya siku ya zawadi, katibu wa chama anayeandika ripoti, na mtahiniwa wa KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari Kenya. Mifano ya sentensi ni ya kubuni, isipokuwa pale inapotaja mtu au jambo linalojulikana.

Maana yake kwanza

Msingi wa "to hail" ni kupaza sauti kumwelekea mtu: kumsalimu, kumwita au kumshangilia. Asili yake ni neno la Kinorsi cha kale, "heill", lililomaanisha mzima, mwenye afya. Yaani lilikuwa salamu ya kumtakia mtu uzima. Wanaosali Rozari wanaijua maana hiyo bila kufundishwa, kwani "Hail Mary" ndiyo "Salamu Maria".

Kutoka kwenye salamu ya sauti kubwa neno likafika kwenye sifa: kumtangaza mtu au jambo mbele ya watu kuwa ni shujaa, ni la kihistoria, ni la kupigiwa mfano. Hapo pana mambo matatu yanayokwenda pamoja, yaani sauti, hadhara, na jina la sifa ambalo anayesifiwa anavikwa. Likikosekana la pili, neno halifai. Mzazi akimwambia mwanawe jikoni kwamba amefanya vizuri, huyo "praises" mtoto wake. Hajafanya "hail", hata kama amepiga kelele.

Aliyewahi kuhudhuria pakruok ya Waluo ana picha kamili. Mtu anatoa pesa, bendi inatulia kidogo, kisha anajitaja au anamtaja rafiki yake kwa majina ya sifa, ukumbi mzima ukisikia. Tofauti ni moja tu, nayo ni kubwa: kwenye pakruok unaweza kujisifu mwenyewe na hakuna atakayekushangaa. "Hail" humwendea mwingine. Ukiandika "he hailed himself as a genius", msomaji atajua unamcheka.

Hatua ya 1: Pima kama jambo linastahili

Kabla ya kuandika, jiuliza maswali mawili. Je, sifa hii imetolewa hadharani, yaani mkutanoni, uwanjani, kwenye taarifa rasmi au na watu wengi kwa pamoja? Je, jambo lenyewe ni kubwa kiasi cha mtu asiyehusika kutaka kulisikia? Jibu la lolote likiwa hapana, shika "praise" au "thank" na uendelee.

"The class teacher hailed Form Two for sweeping the classroom" haina kosa la sarufi, lakini inachekesha bila kukusudia. Ukubwa wa neno umeshinda ukubwa wa kazi. Kosa hili hujaa kwenye taarifa za mawasiliano za ofisi, ambako kila mkubwa "hails" kila kitu: semina ya nusu siku, kupanda miche kumi, ziara ya kawaida. Kwa wiki mbili tatu msomaji atavumilia, baadaye ataacha kuamini.

Hatua ya 2: Panga sentensi

Mpangilio wa kawaida ni huu: anayesifu, kisha "hail" katika wakati unaofaa, kisha anayesifiwa, kisha "as", kisha jina la sifa.

"Fans hailed the goalkeeper as a hero."

Au kwa hali ya kutendwa, ambayo ndiyo utakayoikuta zaidi:

"Faith Kipyegon was hailed as one of the greatest 1500-metre runners in history after her third straight Olympic title in Paris in 2024."

Kipyegon, binti wa Keringet katika Kaunti ya Nakuru, alishinda dhahabu ya mita 1500 Rio 2016, akairudia Tokyo, kisha Paris, kwa hiyo sifa ya sentensi hiyo ina mzigo wa kuibeba. Angalia inavyokwenda: mtu, "was hailed as", sifa, halafu tukio lililozaa sifa.

Jambo au kitu pia husifiwa hivyo hivyo: "The elders hailed the UNESCO listing of the Isukuti dance as a victory for Isukha and Idakho culture." Ngoma hiyo iliingizwa mwaka 2014 kwenye orodha ya UNESCO ya turathi zinazohitaji kulindwa kwa haraka, na hapa kinachosifiwa ni kule kuorodheshwa, si ngoma.

Sasa mambo manne yanayoharibu mpangilio huu mara kwa mara.

La kwanza ni kihusishi kinachojipenyeza kati ya kitenzi na anayesifiwa. Hakuna "hail to the players", hakuna "hail about", hakuna "hail at". Hiyo "at" hutoka kwenye "shout at" na "wave at", na ukiiweka msomaji ataona mtu anayepungia mkono. Anayesifiwa hukaa mara moja baada ya kitenzi, basi.

La pili ni "that". Kiswahili kinasema "walimsifu kwamba ni shujaa", nasi tunaibeba hiyo "kwamba" moja kwa moja: "they hailed him that he is a hero". Haisimami kabisa. Kazi yote ya "kwamba ni" inafanywa na "as".

La tatu ni kile kineno "a" au "the". Kwa kuwa Kiswahili hakina kitu kama hicho, ni rahisi kuandika "hailed as hero". Kwenye kichwa cha habari inaruhusiwa, kwa sababu vichwa huacha vineno hivyo ili kuokoa nafasi. Kwenye habari yenyewe, kwenye hotuba na kwenye insha, andika "as a hero", "as an example", "as the best farmer in Trans Nzoia". Tumia "a" au "an" anapokuwa mmoja kati ya wengi, "the" anapokuwa wa pekee. Cheo kinachoshikwa na mtu mmoja hukubali kukaa bila chochote: "hailed as king". Wakiwa wengi, "a" huondoka: "hailed as heroes".

La nne ni dogo. Baada ya "as" unaweza pia kuweka sifa tupu bila nomino, lakini chagua sifa nzito inayotoa hukumu. "They hailed the agreement as historic" ni safi. "They hailed the agreement as good" ni kama hujasema kitu.

Je, lazima "as" iwepo? Hapana. "The union hailed the court ruling" inakubalika, na magazeti huandika hivyo kila leo. Bila "as", hata hivyo, kuna hatari ndogo kama anayesifiwa ni mtu na si jambo. "The governor hailed the boda boda riders" yaweza kusomwa kwamba gavana aliwaita wanabodaboda, pengine akitafuta usafiri. Ukiongeza "as", au sababu, ukungu unaondoka.

Hatua ya 3: Toa sababu, na uiweke mahali pake

Sifa isiyo na sababu ni kilemba cha ukoka. Sababu hukaa mwishoni, baada ya jina la sifa, na ina njia mbili za kawaida. Ya kwanza ni "after" ikifuatwa na tendo: "after he pulled two children out of the river". Ya pili ni "for" ikifuatwa na kitenzi chenye -ing: "for pulling two children out of the river".

"Hailed for" peke yake, bila "as", utaiona sana magazetini: "The nurse was hailed for her courage." Si kosa. Lakini ikiwa unachotaka kusema ni kwamba mtu kasifiwa kwa sababu fulani tu, bila kupewa jina la sifa, "praised for" au "commended for" hufanya kazi hiyo kwa utulivu zaidi. Kwenye mtihani wa kujaza mapengo, wa Paper 1 ya KCSE, ukiona "was hailed ___ a hero", jibu ni "as". Ukiona "was hailed ___ saving", jibu ni "for". Soma neno linalofuata pengo kabla ya kujaza: nomino ya cheo huomba "as", -ing huomba "for".

Usiandike "because of saving". Inaeleweka, lakini ni "kwa sababu ya kuokoa" iliyovaa koti la Kiingereza.

Hatua ya 4: Sema ni nani aliyesifu

"Was hailed" ni rahisi mno. Inakuruhusu kusema mtu amesifiwa bila kutaja hata mmoja aliyemsifu, na hapo ndipo uongo mdogo huingia. Diwani mmoja akimsifu mwalimu mkuu kwenye mazishi, ukaandika "the principal was hailed as a reformer", msomaji atadhani wadi nzima ilisimama. Andika "the MCA hailed the principal as a reformer". Hali ya kutendwa iachie mahali ambapo wasifu ni wengi kweli, au wanajulikana kwa wote, kama kwenye mfano wa Kipyegon. Mhariri makini atakuuliza "by whom?" na ni afadhali jibu liwe tayari kwenye daftari lako.

Hatua ya 5: Wakati wa kitenzi

Kitenzi ni cha kawaida: hail, hails, hailed, hailing. Habari ya jambo lililopita huchukua "hailed". Kichwa cha habari hutumia wakati uliopo kwa jambo la jana: "Governor hails nurses" maana yake aliwasifu, si kwamba anawasifu sasa hivi wala kwamba ana mazoea hayo. Ukinakili kichwa hicho na kukifanya sentensi ya kwanza ya habari yako, kumbuka kurudisha "the" na kubadilisha wakati: "The governor on Monday hailed nurses…"

"Are hailing" inafaa tu ikiwa shangwe bado inaendelea: "Farmers are hailing the new price." Ukishataja siku, rudi kwenye "hailed".

Hatua ya 6: Isome kwa sauti

"Hail" ni silabi moja, kama unasema "hey" ukaifunga na l. "Hailed" pia ni silabi moja. Hiyo -ed ni d tu mwishoni, si "hei-led". Kwenye maswali ya matamshi ya Paper 1, "hail" ina pacha wake: "hale", mwenye afya, kama kwenye "hale and hearty". Yanatamkwa sawasawa.

Ukiangusha h unabaki na "ail", kuugua, na hapo "the hailing coach" anageuka kocha mgonjwa. Anayechanganya l na r anapata "hair". Na kwenye kuandika, angalia sana usiandike e badala ya a ukapata "heil": hiyo ni salamu ya Wanazi wa Ujerumani, na kosa la herufi moja kwenye kadi ya pongezi ya mchungaji si kosa la kuchekesha. "Heal", kuponya, ni tahajia nyingine inayoingia kwa bahati mbaya, hasa simu inapokusahihisha bila kuulizwa.

Maana nyingine zinazovamia sentensi

Mvua ya mawe ni "hail". Neno hilo la barafu lina asili yake tofauti na la salamu. Yamekutana kwenye tahajia tu. Wakazi wa Kericho na Nandi Hills hawahitaji kuelezwa, maana mvua hiyo huchana majani ya chai kila inaponyesha. "It hailed on Tuesday" ni habari ya mvua, hakuna aliyesifiwa. Kutoka hapo kuna "a hail of bullets", mvua ya risasi, na "a hail of criticism", mvua ya lawama. Kwa sababu picha yake ni ya mawe yanayoumiza, usiseme "a hail of praise". Sifa nyingi kwa pamoja ni "a chorus of praise".

"Hail from" ni kutoka mahali, kuwa mwenyeji wa mahali. Kiingereza cha Kenya kinaipenda kupita kiasi: hakuna utambulisho kanisani, harambee wala mchujo wa kazi ambao haujasikia "I hail from Vihiga". Sarufi yake ni sawa. Kosa ni "I am hailing from Vihiga", kwa maana asili ya mtu haiko mwendoni. Ni "I hail", "she hails". Na kwa kuwa ni usemi wenye madaha kidogo, kwenye barua ya kuomba kazi "I come from" inatosha. Mtu mwenye "hails from" na "was hailed as" ndani ya sentensi moja amempa msomaji kazi ya bure: "The runner, who hails from Keringet, was hailed as…" Badilisha moja.

Halafu kuna kuita gari. "To hail a taxi" ni kuinua mkono teksi ikasimama, na kwetu kitendo kinachofanana nacho ni kupigia boda boda mluzi. Programu za simu za kuita magari zinazotumika Nakuru na Kisumu zinaitwa kwa Kiingereza "ride-hailing apps", na jina hilo linatokana na kuita, si kusifu. Hapa pia hakuna kihusishi: "hail a taxi", si "hail for a taxi".

Kuchagua kati yake na ndugu zake

Hapa ndipo mwandishi mzuri hujitofautisha, kwa sababu Kiswahili hutumia "kusifu" na "kupongeza" mahali ambapo Kiingereza kina maneno mengi yenye adabu tofauti.

"Praise" ni ya kila siku na haikosei popote. Praise mtu for kitu. Angalia tu isigongane na "prize": mabango ya "Praise Giving Day" hutundikwa kwenye mageti ya shule mara nyingi kuliko inavyopaswa. Ni "prize", zawadi, kwa i ya "price". Kama ni ibada ya shukrani, hapo sawa.

"Laud" ni pacha wa "hail" kwenye vichwa vya habari, kwa urefu ule ule wa herufi nne. Inakubali "for" na "as" bila ubaguzi. Kwa Kiingereza cha Uingereza, ambacho ndicho tulichofundishwa, hutamkwa sawa na "lord", kwa o ndefu, na si kama "loud". Kuitamka "loud" ndiko kunakozaa "the principal louded the students". "Laud" haina kelele ya umati kama "hail". Ni sifa ya kauli, inayotolewa na mtu mwenye cheo kwenye taarifa.

"Commend" hushuka kutoka juu kwenda chini. Mkaguzi humsifu mwalimu, mwajiri humsifu mfanyakazi, jaji husifu kwaya. Mwanafunzi kuandika "I commend the Principal" ni kujipandisha cheo mbele ya mkubwa wako, na msomaji mwenye sikio atalisikia. Kwenye mashindano, "highly commended" humpa moyo aliyefanya vizuri lakini hakushinda, kwa hiyo usiitangaze nyumbani kama ushindi. Neno lina pia maana ya kukabidhi, kama mtu anapoweka roho yake mikononi mwa Mungu. Na herufi moja tu inalitenganisha na "command", kuamuru: "the chief commanded the youths for cleaning the market" ni habari nyingine kabisa.

"Extol" husifu zaidi ubora wa kitu kuliko mtu mwenyewe, na mara nyingi hufuatwa na "the virtues of" au "the benefits of". "The officer extolled the benefits of push-pull farming" ni matumizi yake mazuri. Ina harufu ndogo ya mchuuzi anayesifia bidhaa, hivyo ikiwa unamheshimu unayemwandika, fikiria mara mbili. Mwisho wake hutamkwa kama "stole". Kwenye -ed na -ing, l huwa mbili: extolled, extolling.

"Applaud" ni kupiga makofi, kweli au kwa mfano. "Acclaim" kama kitenzi huonekana karibu wakati wote kwenye kutendwa, "was acclaimed as", na msanii au kazi ya sanaa ndiyo huipata mara nyingi.

"Congratulate" si ya kundi hili, ingawa Kiswahili hulazimisha undugu. Kupongeza kwetu ni yote mawili: kumpa mtu hongera na kumsifu kwa kazi. Kiingereza hutenganisha. "Congratulate" humwendea mwenye bahati au mafanikio, moja kwa moja, na huomba "on": "We congratulate you on your election." Aliyechaguliwa hupewa "congratulate", aliyemsaidia mtu ajali ilipotokea hupewa "commend" au "hail". Kumwambia muokoaji "congratulations on saving the child" kunafanya ionekane kama ameshinda bahati nasibu.

Mahali ambapo "hail" haikai: hotuba ya ana kwa ana

"Hail" ni neno la kusimulia sifa, si la kutolea sifa. Mwandishi anasema umati "hailed" fulani. Umati wenyewe haukusema "we hail you". Mshereheshaji anayemgeukia mgeni na kutamka "Your Excellency, we hail you!" ametumia Kiingereza cha mfalme na matarumbeta, na asipokuwa na matarumbeta atachekwa. Katika hotuba ya kumuaga mwalimu anayestaafu, walio chini yake waseme "we thank you for" na "we are proud of you". Afisa wa elimu aliyepo ndiye anayeweza kusema "I commend Madam for". "We salute you" inafaa kwa yeyote. Kesho yake, kwenye ripoti, katibu ndiye atakayeandika: "Speakers hailed her as a mother to the whole school." Hapo imekaa.

Kutengeneza sentensi moja mpaka ikae

Tuseme una habari hii: wakazi wa Nyalenda, Kisumu, wamemmiminia sifa kijana aliyeokoa watoto wawili kwenye mafuriko, wakisema ni shujaa. Rasimu ya haraka huja hivi:

"Residents of Nyalenda were hailing at a youth that he is hero because of saving two children in the floods."

Anza na kitenzi. "Were hailing" imetoka kwenye "walikuwa wakimsifu". Tukio limekwisha, kwa hiyo "hailed". "At" ifute. "A youth" Kenya ni kijana yeyote, ila kwa msomaji wa mbali inanuka ripoti ya polisi. "A young man" haina tatizo. "That he is hero" inabeba makosa mawili, "that" na ukosefu wa "a". Yote yanatibiwa na "as a hero". "Because of saving" iwe "after he saved". Mwisho, watoto hawakuokolewa ndani ya mafuriko bali kutoka humo, hivyo "from the floods".

"Residents of Nyalenda hailed a young man as a hero after he saved two children from the floods."

Kichwa chake kinaweza kuwa "Man hailed as hero for saving two children", bila "a", au "Nyalenda residents hail man who saved two children", ambacho kimetupa "as" kwa kuwa sababu imeshabeba sifa. Cha pili ni bora kwa gazeti la mtaa: kinataja waliosifu.

Sasa jaribu mwenyewe na hii: wakulima wa Molo wamesifu barabara mpya, wakisema ni mkombozi wa viazi vyao. Majibu yanayokubalika ni kama "Molo farmers have hailed the new road as a lifeline for their potatoes." Ukiandika "as a saviour", hujakosea, ila Kiingereza humpa "saviour" mtu zaidi kuliko barabara.

Kuirudisha kwenye Kiswahili

Watafsiri wa habari za redio huipata kila siku, na kosa lao kubwa liko kwenye "as". "She was hailed as a hero" hutafsiriwa "alisifiwa kama shujaa". Kiswahili cha kauli hiyo kinasema alisifiwa jinsi shujaa anavyosifiwa, na pengine yeye si shujaa. Sema "alisifiwa kuwa shujaa", au bora zaidi "aliitwa shujaa", "alitajwa kuwa shujaa". Kwa jambo, "hailed the ruling as historic" ni "walisema uamuzi huo ni wa kihistoria" au "waliutaja uamuzi huo kuwa wa kihistoria".

Kama sifa ni za watu wengi, "kumiminia sifa" na "kushangilia" zinabeba umati ule ambao "kusifu" hauna. Kama ni kauli ya kiongozi mmoja, "kupongeza" inatosha. Epuka "kusifia" ukiwa unaandika habari: kwenye masikio ya wengi inaegemea upande wa kupamba, wa kumsifia mtu ili akupe kitu. "Kutukuza" iachie ibada. Na ile kauli ya mitandaoni, "apewe maua yake", ina uchangamfu lakini haina hadhara ya lazima. Mtu anaweza kupewa maua yake na rafiki mmoja kwenye maoni. Kwa Kiingereza hiyo ni "deserves credit", na "hail" ingeipandisha ngazi mbili zaidi ya pale ilipokuwa.